Maoni Kumi

Watu humwita Punguzo, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Kazi yake ni kuchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, lakini mwulize bei ya mchezo wowote wa kompyuta, leo au mwaka juzi, naye atakujibu kabla hujafunga mdomo. Anajua duka kubwa la mtandaoni hushusha bei mwezi gani, duka gani dogo hugawa mchezo bure kila wiki, na lini "nusu bei" ni nusu kweli na lini bei ilipandishwa jana ili ishushwe leo. Katika akaunti yake ya duka kubwa alikuwa na michezo mia tisa na kumi na miwili, aliyoikusanya kwa miaka kumi na mitatu. Aliyoimaliza? Hapo msimuulize mtoto wa watu. Alikuwa akicheza saa moja, anasema huu mtamu nitaurudia, kisha punguzo jingine linatangazwa naye anakimbilia huko.

"Michezo mia tisa, na hujamaliza hata mmoja," shemeji yake alipenda kumwambia.

Punguzo hucheka tu. Shemeji huyo ni mume wa dada yake mkubwa, na kama kuna mtu duniani ambaye Punguzo angempa ngozi yake avae, ni yeye. Zamani Shemeji alikuwa mchora ramani za mabomba katika kampuni ya ujenzi. Miaka mitatu iliyopita aliacha kazi, akajifungia na kompyuta moja na meza ya kulia chakula, akaanza kutengeneza mchezo wake mwenyewe.

Mchezo wenyewe aliuita Ghorofa ya Mwisho. Ndani yake wewe ni fundi wa mabomba katika jengo la ghorofa arobaini, na maji hayatoshi. Kila siku unafungua valvu hii na kufunga ile. Ukimpelekea maji mama mwenye mapacha ghorofa ya tisa, mzee mgonjwa wa ghorofa ya kumi na nne anakosa, na kesho yake utamkuta ngazini na ndoo. Hakuna bunduki, hakuna kuruka wala kukimbizana. Na hakuna kurudi nyuma: mchezo unajihifadhi wenyewe, mahali pamoja tu, juu ya ulichokwisha kufanya.

Suala hilo la kutorudi nyuma lilipigiwa kelele miezi mingi katika chumba cha nyuma cha kinyozi. Kinyozi ana kompyuta nne huko, na nywele ndani ya kila kibodi, na kila Jumamosi alasiri watu wanne walikutana hapo: Punguzo, Shemeji, Kinyozi mwenyewe, na Mwalimu, anayefundisha hesabu na hawezi kucheza mchezo bila kuutolea alama.

"Huo ni ukatili," Kinyozi alisema siku moja. "Mimi nikimharibu mteja kichwa, angalau nywele zinaota. Wewe mtu akikosea mara moja, basi?"

"Ndiyo maana atafikiri kabla ya kushika valvu," Shemeji alijibu. "Maji yakimwagika hayazoleki. Nikimpa kitufe cha kurudi nyuma, atakuwa anacheza na vitufe, si na watu."

"Mwache na ukatili wake," Mwalimu akasema. "Tatizo ni ghorofa ya sita mpaka ya kumi. Kazi ileile mara tano. Mtu atachoka kabla hajafika kwenye utamu."

Shemeji aliandika hilo katika daftari lake, akaenda kuzivunja ghorofa hizo tano na kuzijenga upya kwa miezi miwili. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia kweli anaandika, ukimsifu anatazama chini.

Kwenye bei ndiko Punguzo alikopigana. Shemeji alitaka kuuza kwa bei ya kutupa, eti watu wasione shida kujaribu. Punguzo akagonga meza mpaka kipanya cha kompyuta kikaanguka.

"Bei ya kutupa inamwambia mtu kwamba hata wewe mwenyewe huuamini! Na ukianzia chini, utashushia wapi? Watu hawanunui mchezo, shemeji, wananunua punguzo. Weka bei ya mchezo wa heshima, subiri msimu, punguza robo. Usiguse nusu mwaka wa kwanza, walionunua mwanzo watakuona mwizi."

"Unaona kweli una thamani hiyo?"

"Una thamani hiyo na zaidi."

Shemeji akafungua daftari akaandika. Bei ikawa hiyo.

Lakini kulikuwa na Dada. Dada ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kwa miaka hiyo mitatu mshahara wake ndio uliolisha nyumba, ukalipa umeme wa ile kompyuta, ukamvalisha binti yao wa miaka minne. Hakuwahi kupiga kelele. Siku mchezo ulipokuwa tayari alimkalisha mumewe, akamwambia kwamba kampuni yake ya zamani inatafuta wachoraji wa kwenda kambini, mahali bwawa linapojengwa, safari ya siku mbili, mkataba wa miaka mitatu na likizo mara moja kwa mwaka. Mchezo ukisimama kwa miguu yake ndani ya mwezi mmoja, asiende. Usiposimama, aende.

"Sijakukatia tamaa," alimwambia. "Nimechoka tu. Mgongo wangu umechoka."

Shemeji akakubali, angefanyaje? Na binti alikuwa hapohapo chini ya meza, akiwavalisha wanasesere wake soksi za baba yake.

Wiki ya tatu ya huo mwezi mchezo ulikuwa na maoni saba. Yote mazuri, lakini saba. Na hapa inabidi nieleze jambo ambalo Punguzo alilijua kama anavyojua kiganja chake. Katika duka kubwa, mchezo ambao haujafikisha maoni kumi ya wanunuzi ni kama bidhaa iliyosahauliwa stoo. Haupewi alama, na mashine ya duka haimwonyeshi mtu. Ukifikisha kumi, mlango unafunguka. Tena kila Jumatatu duka huchagua michezo midogo kumi na miwili ya kuweka ukurasa wa mbele, na Punguzo aliona kwa macho yake mingine ikiamka kutoka kwa wafu kwa wiki hiyo moja.

Yalibaki maoni matatu. Ilikuwa Jumamosi. Shemeji alikuwa nyumbani na mtoto, Dada akiwa zamu, na katika chumba cha nyuma walikuwa watu watatu.

"Hesabu si inakuja yenyewe?" Punguzo alisema. "Sisi watatu tumeununua kwa pesa yetu. Tuandike sasa hivi."

"Mimi nimefika ghorofa ya kumi na moja," Mwalimu alisema. "Niandike nini? Nisahihishe kazi ambayo sijaisoma?"

"Mwalimu, hujawahi kumpa mtoto alama kwa kuangalia mwandiko?"

Mwalimu akafungua akaunti yake, maana kumbe amewahi. Kinyozi alikuwa na mteja nusu kichwa huko mbele, akasema kwa kupita, "Niandikie wewe, mimi nitabonyeza." Basi Punguzo akaandika yote matatu, moja baada ya jingine, kwa dakika ishirini, na kila mmoja akabonyeza kwenye kompyuta yake. La kwake mwenyewe alilitia moyo wote. Aliandika: "Nimefika ghorofa ya mwisho. Mwisho wake umenitoa machozi. Mchezo huu una thamani ya bei yake kamili. Msisubiri punguzo."

Alikuwa amefika ghorofa ya kumi na mbili. Lakini aliyasoma tena maneno yake, na Mungu ni shahidi, machozi yalimlengalenga.

Jioni hiyo Shemeji alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Umefika mwisho?"

"Nimefika."

"Umeona?"

"Nimeona, shemeji. Nimelia."

"Basi mimi sina la kusema," Shemeji akasema, "ila ahsante." Akakata simu. Punguzo akalala usingizi mtamu kama aliyelipa mahari.

Jumanne asubuhi alikuwa kaunta akichanganya rangi ya ukuta wa zahanati alipomwona Shemeji anaingia, kavaa shati la ndani tu, ameshika karatasi. Alikuwa ameichapisha barua pepe ya duka kwa sababu, alisema, kwenye skrini hakuamini. Mchezo umeondolewa na akaunti ya mtengenezaji imefungwa kwa udanganyifu wa maoni. Maoni matatu yameandikwa ndani ya dakika ishirini, kutoka kwenye laini moja ya mtandao, na laini hiyo ndiyo iliyotumika kuupakia mchezo wenyewe dukani.

Laini ya Kinyozi. Mtandao wa nyumbani kwa Shemeji hutambaa, kwa hiyo aliupakia mchezo kutoka chumba cha nyuma, na Punguzo ndiye aliyemletea soda siku hiyo. Mjuzi wa maduka yote duniani, na hilo halikumpita kichwani hata kidogo.

"Nani angenifanyia hivi?" Shemeji aliuliza. "Nimemkosea nani?"

Punguzo alifungua mdomo. Badala ya maneno akajikuta anaongeza rangi nyeusi kwenye ndoo, mpaka bosi akapiga ukelele kutoka nyuma. Ukuta wa zahanati ukawa wa kijivu. "Nitashughulikia, shemeji," ndiyo yote aliyoweza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Saa ya chakula aliliandikia duka barua ya kwanza, akajibiwa na mashine. Akaandika ya pili, mashine ikamshukuru kwa uvumilivu wake. Jumatano alfajiri hakwenda kazini. Alikaa kitandani akisoma sheria za duka, kurasa sitini na nne, yeye ambaye hajawahi kusoma hata maelekezo ya mchezo. Ukurasa wa hamsini na moja akaruka kwa miguu miwili. Imeandikwa: iwapo udanganyifu umefanywa na mtu asiyehusika na utengenezaji wa mchezo, mtu huyo atafungiwa akaunti yake moja kwa moja, na mchezo utarudishwa.

Basi ni rahisi. Ni yeye. Aandike ni yeye.

Alikaa mbele ya skrini akishusha orodha yake, michezo mia tisa na kumi na miwili, picha baada ya picha. Huu aliununua wiki baba yao alipofariki. Ule alizawadiwa na Shemeji siku ya harusi, eti mahari ya mdogo wa bibi harusi. Akahisi anatoa meno bila ganzi. Lakini aliandika kila kitu: kwamba ni yeye aliyeandika maoni yote matatu, mtengenezaji hajui, achukuliwe yeye. Akatuma. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akala.

Jioni akapita nyumbani kwa Dada. Dada alikuwa akipiga pasi sare yake. Mkataba wa kambini ulikuwa mezani, pale pale ilipokuwa kompyuta, na mwisho wa kusaini ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, safari Jumapili. Mwezi ulikuwa bado na siku kumi, lakini mchezo ambao haupo dukani utasimama na miguu gani? Mwalimu alikuwa ameshauri maduka madogo. Punguzo alijua ukweli wake: huko watu huchukua cha bure na kuondoka.

"Wewe unayejua haya maduka, mdogo wangu," Dada alisema bila kuinua macho kwenye pasi. "Kweli hakuna njia? Mimi sitaki aende. Nilisema vile kwa sababu nilijua hatakwenda."

Hilo lilimchoma kuliko yote. "Nipe mpaka Ijumaa," akasema.

Nao wakampa. Alhamisi nzima nyumba ile iliishi juu ya neno la Punguzo. Dada alibadilishana zamu na mwenzake. Shemeji alimkata binti yake kucha, akamsomea kitabu kilekile mara nne, na mkataba ukabaki mezani bila kuguswa. Fikiria mtu akikuamini hivyo, na wewe unajua kwa nini anahitaji kuamini.

Ijumaa saa tatu jibu likaja, na safari hii liliandikwa na mtu. Walimshukuru kwa kusema kweli. Akaunti yake imefungwa milele. Kuhusu mchezo, hata hivyo, hautarudishwa, kwa kuwa yeye si mtu wa nje: jina la akaunti yake limo katika orodha ya waliotengeneza mchezo, na maoni ya mtengenezaji juu ya kazi yake mwenyewe ni kosa lisilo na rufaa.

Punguzo akalisoma mara sita. Waongo! Yeye hajachora hata bomba moja! Akaandika kujibu, lakini akaunti haikufunguka tena. Ilikuwa imekwisha kufa na michezo yake yote. Akazima simu.

Alizima simu Ijumaa, Jumamosi hakwenda kwa Kinyozi, na mimi sitamtetea. Mtu aliyesema "nipe mpaka Ijumaa" alipaswa kuwa mlangoni Ijumaa. Saa sita mchana, simu ikiwa imezimwa na Punguzo haonekani, Shemeji alichukua kalamu ya kuchorea ya mwanawe, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akasaini.

Jumapili mchana gari la kampuni lilikuwa lije saa tisa. Saa nane Punguzo alibisha hodi. Begi lilikuwa sebuleni, limefungwa. Binti alikuwa amekaa juu yake.

"Mjomba, hili begi ni la baba. Nimelikalia ili lisiende."

Dada alimtazama mdogo wake usoni, akajua kuna kitu, akamchukua mtoto akaenda naye jikoni.

"Shemeji," Punguzo alisema, "nataka kuuona mwisho wa mchezo."

"Ule uliokutoa machozi?"

Hapo ndipo alipomwaga yote. Dakika ishirini, laini ya Kinyozi, Mwalimu aliyekataa kidogo kisha akakubali, barua, sheria ya ukurasa wa hamsini na moja, akaunti. Aliongea ameangalia sakafu, na maneno yakatoka yamepinda, na mwisho akasema, "Wanasema mimi nimo kwenye orodha. Wamekosea, shemeji. Waambie wamekosea."

Shemeji hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikwenda mezani, kwenye kompyuta aliyokuwa amekwisha kuikunjia nyaya, akazikunjua moja moja, akaiwasha, akafungua nakala yake ya mtengenezaji inayoweza kuanzia ghorofa yoyote. Akaweka ghorofa ya arobaini. Akamsogezea kipanya.

"Cheza."

Punguzo akacheza. Ghorofa ya arobaini ina mlango mmoja tu, na mlango huo ni wa fundi mwenyewe. Nyumba yake. Jengo zima umeligawia maji, na hujawahi kufika kwako. Unafungua bomba la jikoni, na maji yanayotoka ni yale tu uliyoyabakiza katika ghorofa zote thelathini na tisa. Unakinga glasi. Kisha jengo linalala, taa moja moja, na majina yanapita.

Yalikuwa matano tu. La kwanza lilikuwa la Shemeji. La pili la Dada: "aliyeshikilia nyumba." La tatu la Mwalimu, kwa ghorofa ya sita mpaka ya kumi. La nne la Kinyozi, kwa mtandao na viti. La tano lilikaa peke yake kwenye skrini, muda mrefu kuliko mengine, limeandikwa kama lilivyo kwenye akaunti: "Punguzo, shemeji yangu. Bei ni yake. Nilipouliza kama huu una thamani, alisema una na zaidi."

Punguzo hakuweza kuliondoa jicho lake pale. Kumbe "umeona?" ilikuwa hii. Mtu alikuwa amemwekea zawadi mwisho wa ngazi, akamuuliza umeiona, naye akajibu nimeiona, nimelia. Sasa alilia kweli, kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na machozi hayo hayakuwa na kazi tena.

"Usiku ule nilimwambia dada yako," Shemeji alisema taratibu. "Nikamwambia, hata kama hakuna mwingine atakayefika juu, yeye amefika. Nikalala."

Nje honi ililia mara mbili. Jikoni mtoto akaanza kuuliza ni nani. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikarudi mwanzo, ghorofa ya kwanza, valvu zote zimefungwa. Shemeji akanyoosha mkono juu ya bega la Punguzo, akazima kompyuta.

"Haya," akasema, akainama kuchukua begi. "Sasa umemaliza mmoja."